Mashauri ya Jamaa: Ruhusa ya kazi iliyolala sandukuni



Wazee husema: akiba haiozi. Neno hilo ni kweli kwa mahindi yaliyokaushwa vema, na kwa fedha iliyowekwa kwa akili. Lakini si kila kitu kilichofungiwa sandukuni ni akiba. Karatasi ya serikali ina siku yake ya kuzaliwa na siku yake ya kufa. Mara nyingi siku hizo mbili zimeandikwa juu yake kwa wino, wala mwenye nayo hazisomi.

Leo twataka kusema habari za karatasi moja ya namna hiyo. Katika jamaa kadha wa kadha za Kongo, hasa zile zilizopeleka watoto wao kusoma Marekani, mna barua iliyotoka kwa serikali ya nchi ile, ikisema ya kwamba kampuni fulani imeruhusiwa kumwajiri kijana wao. Walakini kijana hakwenda kuanza kazi. Pengine baba yake aliugua, pengine kampuni ilipunguza watu. Pengine mambo ya mwaka 2020 yalimzuia: mwezi wa Machi wa mwaka ule balozi za Marekani ziliacha kazi ya kawaida ya viza kwa sababu ya ugonjwa wa korona, kisha agizo la rais likawazuia wengi wenye ruhusa hiyo walio nje wasiingie, tangu Juni 2020 mpaka tarehe 31 Machi 2021. Basi barua ikawekwa. Sasa miaka imepita, na jamaa yauliza: Je, twaweza kuitumia tena, au imekwisha kufa?

Swali hili si dogo. Kwa ajili yake watu huacha kazi waliyo nayo, huuza lupango, huahirisha ndoa. Wengine huitupa barua wakidhani haifai kitu, kumbe bado ina faida. Wengine humpa mtu wa mjini dola nyingi ili aifufue, kumbe hakuna awezaye kuifufua. Makosa hayo mawili yana mzizi mmoja, ndio kudhani ya kuwa ruhusa ni kitu kimoja chenye mwisho mmoja. Sivyo. Ndani yake mna saa tatu, na kila moja yaenda kwa mwendo wake. Azijuaye saa hizo tatu atajua la kufanya.

RUHUSA YENYEWE

Ruhusa tunayoisema huitwa H-1B. Ilipata sura yake ya sasa kwa sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1990. Ni ya kazi zinazotaka elimu ya chuo kikuu: wahandisi, waganga, wahasibu, watu wa kompyuta, wataalamu wa madini na wengine kama hao. Hesabu yake kwa mwaka ina mpaka: watu 65,000, na tangu sheria ya mwaka 2004 huongezwa wengine 20,000 waliopata shahada ya juu katika vyuo vikuu vya Marekani. Waombaji hupita hesabu hiyo kwa mbali. Kwa hiyo waajiri huandikisha majina mwezi wa Machi, serikali huchagua kwa kura, na waliochaguliwa huanza kazi tangu tarehe 1 Oktoba, ambayo ndiyo siku ya kwanza ya mwaka wa fedha wa serikali ile.

Tazameni vizuri njia ya ruhusa hii, maana mtu asiyeijua njia hajui amefika wapi. Kwanza mwajiri huahidi mbele ya Wizara ya Kazi kwamba atalipa mshahara usio chini ya ule wa kawaida wa kazi hiyo mahali pale. Pili hupeleka ombi kwa ofisi ya uhamiaji, iitwayo USCIS. Ombi likikubaliwa, ofisi hutoa barua ya kukubaliwa; hiyo ndiyo karatasi I-797 inayolala sandukuni. Tatu, mfanyakazi aliye Kongo huenda ubalozini Kinshasa na kuulizwa maswali, akipita hubandikiwa viza katika pasipoti. Nne, hufika mpakani mwa Marekani, na askari wa mpaka ndiye amwambiaye: ingia, ukae mpaka siku fulani.

Basi barua ya I-797 ni hatua ya pili kati ya nne. Siyo viza, wala haifungui mlango peke yake. Wengi huionyesha kwa majirani kana kwamba ni tiketi ya ndege, na hapo ndipo majuto huanza.

SAA YA KWANZA: BARUA YA MWAJIRI

Saa ya kwanza ni ya barua yenyewe. Ombi la H-1B hukubaliwa kwa muda usiopita miaka 3 kwa mara moja. Juu ya karatasi mmeandikwa tarehe mbili, ya kuanza na ya mwisho.

Wazee wetu wa Katanga hawatashangaa. Katika miaka ya 1920 Union Minière ilianza kuwaandikia wafanyakazi mikataba ya miaka 3, na kila mtu aliyetoka kijijini kwenda Elisabethville au Jadotville alijua siku ambayo kontra yake itakwisha. Alijua pia ya kwamba kontra ile ilikuwa ya kazi ya kampuni ile, wala hakuweza kuipeleka kwa tajiri mwingine. Barua ya H-1B ina tabia hiyo hiyo. Si mali ya mfanyakazi. Ni jibu ambalo serikali imempa mwajiri aliyeomba. Mwajiri akiandika kwamba aliondoa ombi lake, au kampuni ikifungwa, ruhusa yafutika hata kama tarehe ya mwisho ingali mbali. Kampuni nyingine haiwezi kuitumia. Ndugu, binamu au rafiki hawezi kuitumia, hata akiwa na shahada ile ile na jina la ukoo lile lile.

Ikiwa tarehe ya mwisho haijapita, mwajiri yupo, na kazi iliyoandikwa ingalipo, basi mlango haujafungwa. Mfanyakazi aweza kwenda ubalozini hata kama miaka miwili imepita pasipo yeye kuitumia. Lakini muda uliolala haurudishwi juu ya karatasi hiyo. Akifika Marekani miezi 4 kabla ya mwisho, atapewa miezi hiyo 4 na siku chache tu, ndipo mwajiri aombe aongezewe.

Na ikiwa tarehe imepita, barua hiyo haiwezi tena kumpatia mtu viza. Saa ya kwanza imesimama. Hapo ndipo wengi hukata tamaa na kuitupa karatasi. Wasiitupe, maana iko saa ya pili.

SAA YA PILI: NAFASI KATIKA HESABU

Kumbukeni ya kwamba mwenye barua alichaguliwa kwa kura na kuhesabiwa kati ya wale 65,000 au wale 20,000. Bunge la Marekani lilijiuliza: mtu aliyekwisha kuhesabiwa, akipata mwajiri mpya, je, atapigiwa kura tena? Sheria iliyotiwa sahihi na Rais Bill Clinton tarehe 17 Oktoba 2000 ikajibu: mtu aliyehesabiwa ndani ya miaka 6 kabla ya kukubaliwa kwa ombi jipya, kwa kawaida hahesabiwi mara ya pili.

Hii ndiyo faida iliyojificha katika karatasi ya zamani. Barua imekufa, lakini nafasi katika hesabu yaweza kuwa hai. Mwajiri mpya aweza kuleta ombi jipya wakati wowote wa mwaka, pasipo kungoja Machi wala kura, akionyesha ya kuwa mtu huyu alikwisha kuhesabiwa. Lazima ombi liwe jipya, mwajiri awe wa kweli, kazi iwe ya kweli na mshahara uwe wa haki. Kinachosalia cha zamani ni ile nafasi tu.

Tutwae mfano, tuufanye kuwa kipimo. Mhandisi wa Lubumbashi alisoma Marekani. Kampuni ikamwombea H-1B, na ombi likakubaliwa tarehe 15 Juni 2021, likiwa na muda tangu 1 Oktoba 2021 hata 30 Septemba 2024. Mama yake akaugua, akarudi nyumbani mwezi wa Agosti 2021, hakuitumia ruhusa hata siku moja. Barua ilikufa tarehe 30 Septemba 2024. Lakini miaka 6 ya nafasi yake, ikihesabiwa kwa uangalifu tangu siku ya kukubaliwa, haiishi kabla ya katikati ya Juni 2027. Na angalieni neno la sheria: ombi jipya liwe limekubaliwa ndani ya miaka hiyo. Kulipeleka siku ya mwisho haitoshi. Apaswa kujiwekea miezi mingi ya mbele, maana ofisi haina haraka ya mwombaji.

Kwa waliokubaliwa mwaka 2020 na kuzuiwa na korona, mwaka wao wa sita ni 2026. Wenye barua za mwaka huo na wazitazame leo hii, wasingoje kesho. Waliokubaliwa mwaka 2010 au 2015 wasijidanganye: kwa kipimo hiki nafasi yao imekwisha, na njia yao ni kura, kama mtu mpya.

Yako mambo matatu ambayo twataka kuyakaza hapa.

La kwanza: si kila H-1B ilihesabiwa. Vyuo vikuu, mashirika yasiyo ya faida yaliyofungamana navyo, na vituo vya utafiti visivyo vya faida au vya serikali havimo katika mpaka wa mwaka. Vyuo vikuu vya Kikatoliki, kama Notre Dame kule Indiana na Georgetown kule Washington, humwajiri mtaalamu pasipo kura. Hilo ni jema kwa anayeajiriwa navyo. Lakini aliyepata ruhusa ya zamani kwa njia hiyo hakuhesabiwa, wala hana nafasi iliyolala. Akitaka kwenda kwa kampuni ya biashara, atapigiwa kura kama wengine.

La pili: sheria ile ile ina neno la kuzuia. Yasema kwamba mtu ambaye, wakati wa ombi jipya, ana haki ya miaka 6 mizima, atahesabiwa tena. Neno hilo lamhusu wazi mtu aliyekaa Marekani, akatoka, na sasa ataka kuanza upya. Lakini mtu ambaye hakuitumia ruhusa yake hata siku moja, wanasheria hubishana juu yake. Kwa hiyo ombi la namna hii halitaki kuandikwa na fundi wa barua wa sokoni. Lataka mwanasheria aliyeapishwa, aieleze habari yote waziwazi na kuambatanisha barua ya zamani.

La tatu: nafasi iliyopatikana kwa uongo hufutwa. Ikionekana ya kuwa shahada ilighushiwa au kazi haikuwako, viza ikatanguliwa, sheria yairudisha namba ile katika hesabu, na mtu hubaki mikono mitupu.

SAA YA TATU: MIAKA SITA YA KUKAA

Saa ya tatu huwatisha watu bure. Wamesikia ya kuwa H-1B ni ya miaka 6 basi, nao wanadhani miaka hiyo ilianza kukimbia siku barua ilipotolewa. Sivyo. Miaka 6 ya kukaa huhesabiwa kwa siku ambazo mtu alikuwamo ndani ya Marekani katika hali ya H-1B, au katika hali nyingine chache zinazofanana nayo. Siku alizokaa Kolwezi, Bukavu au Kisangani hazimo. Kanuni zilizotangazwa Novemba 2016, na kuanza kazi tarehe 17 Januari 2017, zimeliandika jambo hili wazi: siku nzima za nje hurudishwa kwa mfanyakazi, mradi azithibitishe kwa mihuri ya pasipoti, tiketi na karatasi nyingine.

Kwa hiyo mhandisi wetu, ambaye hakufanya kazi hata siku moja, hajala hata siku moja ya miaka yake 6. Mwenzake aliyekaa miaka 2 kisha akarudi, amebakiwa na 4. Na akikaa nje mwaka mzima aweza kuchagua: ama atumie miaka 4 iliyobaki kwa nafasi yake ya zamani, ama aombe miaka 6 mipya, lakini kwa hii ya pili atarudi katika kura.

Sasa mwaona jinsi saa hizi zinavyopishana. Ya kwanza yaweza kusimama wakati ya pili yatembea, na ya tatu haijaanza kamwe. Amwambiaye mtu "karatasi yako imekwisha" na amwambiaye "karatasi yako ingali nzima", wote wawili wamemwambia nusu ya neno.

TUSICHANGANYE NA KURA YA VIZA

Yafaa tukumbushe pia ya kuwa H-1B si ile kura ya viza ambayo jamaa nyingi za Kongo zaijua kwa jina la loto. Katika kura ile, nayo ni ya sheria ya mwaka 1990, aliyechaguliwa hakupata nafasi ya kulala. Viza yake ilipaswa kutolewa kabla ya mwisho wa mwaka wa serikali, yaani tarehe 30 Septemba. Siku hiyo ikipita, jina lake lilikuwa si kitu, hata kama alikuwa amelipa na kupimwa na mganga. Basi aliye na barua ya loto ya mwaka wa nyuma asisome maneno yetu ya juu akadhani yamhusu.

MAMBO YA MWAKA 2025

Sheria ni jambo moja, na maagizo ya watawala ni jambo jingine. Tarehe 19 Septemba 2025 rais wa Marekani alitia sahihi agizo linalodai dola 100,000 kwa ombi jipya la H-1B la mtu aliye nje ya nchi asiye na viza halali ya namna hiyo. Agizo lilianza tarehe 21 Septemba 2025, nalo kwanza liliwekewa miezi 12. Ofisi ya uhamiaji ilieleza kwamba halishiki maombi yaliyopelekwa kabla ya siku hiyo. Tazameni maana yake. Mwenye barua ya zamani ambayo tarehe yake haijapita, na ombi lake lilipelekwa kabla ya siku ile, hadaiwi fedha hizo. Lakini yule ambaye barua yake imekufa, naye ataka kutumia nafasi yake katika hesabu kwa ombi jipya, ndiye aliyeguswa na agizo. Karatasi mbili zinazofanana kwa macho zaweza kutofautiana kwa dola 100,000.

Vilevile jirani zetu wa Kongo-Brazzaville waliwekwa Juni 2025 katika orodha ya nchi ambazo watu wake walizuiwa kuingia Marekani. Hivyo mwenye pasipoti ya nchi yoyote na aulize kwanza habari za siku ile anayotaka kusafiri, kabla ya kuuza hata kuku mmoja.

MKE, MUME NA WATOTO

Gazeti hili ni la jamaa, kwa hiyo hatutamwacha mfanyakazi peke yake. Mwenye H-1B aweza kufuatwa na mke au mume, na watoto wasiooa wala kuolewa walio chini ya miaka 21. Ruhusa yao huitwa H-4. Hapa wakati una ukali kuliko mahali pote. Mtoto aliyekuwa na miaka 16 barua ilipotoka, sasa aweza kuwa na 21. Nafasi ya baba yaweza kuwa hai, na ya mtoto imekwisha. Jamaa ihesabu pia miaka ya watoto kabla ya kuamua.

Mke naye ajue mapema ya kuwa H-4 kwa kawaida haimpi ruhusa ya kufanya kazi. Tangu Mei 2015 wako wengine walioruhusiwa, hasa wale ambao waume au wake zao wamekwisha kukubaliwa hatua fulani ya kuomba ukaaji wa daima. Mwalimu wa Likasi mwenye darasa lake na mshahara wake apaswa kulijua hilo kabla ya kuacha chaki.

Tena yako mambo ya ndoa. Mbele ya Mungu ndoa ya kanisani ni takatifu, na hakuna aongezaye kitu juu yake. Lakini ubalozi wataka hati ya serikali ya Kongo. Mume na mke waliofunga ndoa kwa Padri tu, pasipo kuandikwa katika ofisi ya état civil, na waende kuandikwa sasa, iwe watasafiri au hawatasafiri. Hati hiyo huwafaa watoto na wajane hapa hapa nyumbani.

JIHADHARINI NA WAFUFUA BARUA

Mjini wako watu wasemao: "Nipe karatasi yako ya zamani na dola, nitaipatia tarehe mpya." Wafahamuni kwa alama hizi. Akitaka kubadili tarehe iliyoandikwa, ni mghushi. Akitaka kuweka jina la mwingine, ni mghushi. Akisema wewe mfanyakazi ndiwe ulipe gharama zote za mwajiri, hajui sheria au aivunja, maana malipo mengine katika ombi la H-1B, kama yale ya mfuko wa mafunzo, sheria yamkataza mwajiri kumbebesha mfanyakazi.

Na hatari si ya fedha tu. Mtu aliyemdanganya afisa wa Marekani kwa jambo kubwa ili apate viza, sheria ya nchi ile yamfungia mlango kwa maisha yake yote, isipokuwa akipata msamaha wa pekee. Kijana aliyekuwa na nafasi hai, kwa muhuri mmoja wa uongo aweza kuipoteza hiyo na zote zitakazokuja. Tena dhambi ni dhambi hata ikifanywa ofisini mbele ya kompyuta. Asemaye uongo ili ajenge nyumba ya watoto wake, awajengea juu ya mchanga.

LA KUFANYA

Basi mwenye barua sandukuni na afanye hivi, kwa utaratibu.

Aitoe, asome tarehe tatu: ya kukubaliwa, ya kuanza, na ya mwisho. Aziandike katika daftari. Mali bila daftari huisha bila habari, na wakati ni mali.

Aitafute namba ya ombi juu ya karatasi, yenye herufi 3 na tarakimu 10. Kwa namba hiyo aweza kutazama bure, katika ukurasa wa USCIS kwenye intaneti, kama ombi lilifutwa au la. Karatasi ikiwa imepotea, aweza kuomba nakala za faili lake, maana Marekani ina sheria ya mwaka 1966 inayowaruhusu watu kuomba maandiko ya serikali.

Amwandikie mwajiri wa zamani kwa adabu, amwulize kama kazi ingalipo au kama aliondoa ombi. Heri jibu la "hapana" leo kuliko tumaini la bure la miaka mitatu.

Akusanye pasipoti zote, hata zilizokwisha, na tiketi, kama aliwahi kukaa kule.

Kisha, akiwa na hayo yote mkononi, amtafute mwanasheria wa Marekani aliyeandikishwa, amwambie kweli yote. Na jamaa ikae pamoja, baba, mama na watoto wakubwa, waamue, wajiwekee siku ya mwisho yao wenyewe. Ikifika siku hiyo pasipo mwajiri mpya, wafunge sanduku, waendelee na maisha. Kuna watu ambao karatasi moja imewazuia kujenga, kuoa na kulima, kwa miaka 10, kana kwamba nyumba yao imesimama juu ya mguu mmoja.

NENO LA MWISHO

Kanisa halikatazi watu kusafiri kutafuta riziki. Papa Pius wa kumi na mbili aliandika barua nzima juu ya jamaa za wahamiaji mwaka 1952, naye Papa Yohane wa ishirini na tatu, mwaka 1963, alitaja haki ya mtu ya kuhamia nchi nyingine kwa sababu zilizo halali. Lakini aliyeitwa apaswa pia kujua saa ya kuitika. Wale wanawali watano wa Injili hawakukosa arusi kwa kuwa hawakualikwa. Walikuwa wamealikwa, na taa walikuwa nazo. Walikosa kwa kutopima mafuta mapema.

Basi, wasomaji wapenzi, fungueni masanduku yenu jioni hii na mpime mafuta. Ikiwa nafasi ingalipo, mmshukuru Mungu na kufanya kazi upesi. Ikiwa imekwisha, mmshukuru vilevile, kwa kuwa mmeijua kweli kabla ya kuuza shamba. Na kijana aliyebaki Kongo na shahada yake asijione ametupwa: hospitali zetu, mashule yetu na migodi yetu yangali yatafuta watu wa akili na wa kweli, na kwa kazi hiyo hatadaiwa viza wala kura.